Mstari Mmoja Uliosomwa Kibirizi

Ujiji,
6 Februari 2024

Mwanangu Gervasi,

Najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, kwa hiyo naitikia kabisa: marahaba. Sisi hatujambo. Goti la bibi yako limetulia tangu tuanze kulikanda kwa mawese ya moto, na kwa kuwa hana tena goti la kulalamikia, analalamikia jogoo wa jirani. Baba yako alishuka kutoka Simbo wiki iliyopita na mikungu miwili ya ndizi. Alikaa barazani kwangu akimweleza kila apitaye kwamba mwanawe yuko Dar es Salaam anaagizia watu vitu mtandaoni, na kila kitu anakiweka kwenye kompyuta. Nilimwacha kaka yangu aseme. Ziwa limepanda, kule Kibirizi maji yamefika kwenye vichanja vyetu vya mwisho vya kuanikia dagaa na imebidi tuhamishe viwili.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Juzi nilikuuliza jambo, ukajibu, na kabla sijavaa miwani jibu limekwisha kufutwa. Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita na sijamruhusu mtoto hata mmoja kutafuna karatasi yake ya mtihani. Barua haifutwi. Hii nampa kondakta wa basi, ataiacha ofisini kwao huko, nawe utajibu kwa njia hiyo hiyo.

Jambo ni mashine yetu ya kunyonya hewa na kufunga mifuko ya dagaa. Wanawake tisa tumeisubiri tangu Novemba. Dagaa wetu wanafika huko kwenu wamevunda kwa sababu ya mifuko ya kufunga kwa mshumaa, na Mei ziwa linafungwa miezi mitatu, hakuna kuvua. Jedwali ulilonitumia, nami nikalichapa karatasini, linasema kwenye mstari wa kwanza: Capitoline, mashine, Imefika, 14 Januari. Capitoline ndiye anayetuchukulia mizigo ofisi ya basi, na siku hiyo kweli alileta masanduku. Lakini yalikuwa manne, na kanuni yetu unaijua: gundi ya sanduku haikatwi mpaka wote tisa tuwepo. Tulikata yote manne pamoja. Mashine haikuwemo.

Jumamosi ya tarehe 27 Januari, siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, jedwali likasomwa mbele ya wote. Capitoline akakana. Maneno yakawa makali, na mengine sitayaandika.

Nijibu jambo moja: je, jedwali lako ni la kweli?

Shangazi yako,
Leonia


Dar es Salaam,
2 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bibi. Barua yako nimeipata, ila kondakta alikaa nayo siku tisa kwenye kisanduku cha tiketi. Joto huku limezidi. Nimehama chumba, sasa niko Mabibo na mwenzangu mmoja wa Kasulu, mtu wa ibada, haninyimi usingizi. Mwambie Baba yale mawese aliyoyatuma yalifika yote.

Kuhusu mashine, Shangazi, naomba usiwe na wasiwasi na jedwali. Kompyuta haina undugu wala chuki. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Kila oda ina mstari wake: jina, kitu, namba ya mzigo, tarehe, hali. Mwezi wa kwanza nililisafisha kidogo, nikapanga majina kwa alfabeti ili lipendeze na iwe rahisi kumtafuta mtu. Hakuna kilichopotea. Kama limeandika Imefika, basi imefika.

Sitaki kumsema mtu mzima. Lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba maandishi ni shahidi.

Nina haraka, kuna mteja ananisubiri.

Mwanao,
Gervasi


Ujiji,
19 Machi 2024

Gervasi,

Bibi yako mzima. Jogoo wa jirani ameliwa, kwa hiyo tuna amani. Baba yako hajashuka, anapalilia.

Capitoline ameondoka. Alifunga vyombo vyake na kupanda boti ya Kagunga kwa binti yake Tuyizere, na kichanja chake amepewa mwenzetu Yunisi. Mwanamke aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka tisini na tatu akiwa msichana mwenye kapu moja kichwani ameondoka Kibirizi akiwa na makapu mawili. Hiyo ndiyo faida ya miaka kumi na tisa ya kuanika dagaa nasi.

Baada ya hapo ndipo nikakaa na jedwali lako, kalamu nyekundu mkononi, kama ninavyokaa na daftari la mtoto ninayemshuku kwamba amenakili.

Linasema Shadia aliagiza mashine ya kunyolea ndevu. Shadia ana miaka sitini na mbili na anauza kanga sokoni Ujiji. Nimemwuliza. Amesema, "Mwalimu, ndevu za nani? Mume wangu nimemzika na zake." Mashine ile ni ya Happiness, mwanawe ana kibanda cha kunyoa, niliiona ikitoka kwenye sanduku kwa macho yangu. Linasema Recho aliagiza taa mbili za jua. Taa ni za Capitoline. Recho ndiye aliyeagiza mashine ya kikundi kwa jina lake, na wewe ulilijua hilo.

Sasa nakuuliza wewe unayesema kompyuta haina chuki. Ulipopanga majina kwa alfabeti, ulipanga jedwali zima au ulipanga safu ya majina peke yake? Maana naona majina yamepanda na kushuka kama watu wanaogombea viti, na vitu, namba na tarehe vimebaki palepale. Katika kikundi chetu hakuna mwenye A wala B. Wa kwanza ni C. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mashine. Kwa hiyo mwanamke huyu ameitwa mwizi kwa sababu herufi yake inatangulia.

Na safu yenyewe umeiandika "Jina". Jina la nani? La aliyeagiza au la aliyepokea? Sisi tulisoma aliyepokea. Tarehe nyingine umeanza na siku, nyingine umeanza na mwezi. Iko moja inasema mzigo ulifika kabla haujaagizwa. Na hilo neno lako Imefika, umeliandika baada ya nani kukwambia kwamba amelishika sanduku? Nitajie jina lake.

Nakala ya zamani, kabla hujapamba, iko wapi?

Usiniambie una haraka. Haraka ulikuwa nayo Januari, na matokeo yake yamepanda boti.

Leonia


Dar es Salaam,
27 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua huku zimekata barabara, watu wa Jangwani wamehama, na mimi nilipata homa wiki mbili. Yule mwenzangu wa Kasulu alinipikia uji na kuniombea kwa sauti mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimekufa. Sasa naendelea vizuri. Bibi anaendeleaje? Baba amenipigia mara tatu anataka nimwagizie pampu ya kupulizia dawa. Amesema atawaonyesha watu wa Simbo.

Nitakueleza. Nilipanga majina nikiwa ndani ya gari, kwenye simu, naenda kwenye kikao cha harusi. Nilichagua safu moja, nikabonyeza. Simu iliniuliza kama nataka kupanua eneo, nikabonyeza hapana kwa sababu sikuelewa swali. Majina yakajipanga vizuri sana. Nikafurahi. Nakala ya zamani sina, nililihifadhi juu ya lile lile.

Neno Imefika huwa naandika muuzaji akinitumia ujumbe kwamba mzigo umetoka kwake. Siku zote vitu vilikuwa vinafika, kwa hiyo niliona ni kitu kile kile.

Mashine nimeipata juzi. Ilikuwa kwenye duka la kuchukulia mizigo hapa hapa Dar, chini ya rafu, kumbe walinitumia ujumbe mara tatu nikaupita. Haikuwahi kupanda basi. Naituma kwenu kwa basi la tarehe 12 Mei, imefungwa vilevile, gundi sijaigusa.

Nitaandika kwenye lile kundi la simu la kikundi chenu kwamba kulikuwa na hitilafu ya kimfumo na tunaomba radhi kwa usumbufu. Naomba Baba asijue. Shangazi, nakuomba sana kwa hilo.

Mwanao,
Gervasi


Ujiji,
16 Mei 2024

Gervasi,

Bibi yako anauliza kwa nini sauti yangu imekauka. Nimemwambia ni vumbi. Ziwa limefungwa tangu jana. Mitumbwi imepinduliwa ufukweni, na mashine uliyoituma ina miezi mitatu ya kutazama mchanga.

Hitilafu ya kimfumo. Nimelisoma neno hilo kwenye magazeti tangu ulipokuwa unatambaa. Umeme ukikatika ni hitilafu ya kimfumo. Dawa zikikosekana ni hitilafu ya kimfumo. Nimewaandikia wahariri barua kumi na mbili kulilaani neno hilo, na sasa limenirudia nyumbani, limevaa jina la ukoo wetu. Mfumo haukupanda gari kwenda kwenye kikao cha harusi. Mfumo hauna kidole. Na usumbufu ni foleni ya maji, Gervasi. Mwanamke akiitwa mwizi mbele ya watoto wanaookota dagaa waliomwagika, huo tunauitaje?

Umeandika kwenye kundi la simu. Capitoline simu yake ni ya tochi. Umemwomba radhi mtu asiyekuwemo.

Lakini siyo hilo lililoniamsha. Sanduku lilifika tarehe 14. Limebandikwa karatasi ya lile duka la kuchukulia mizigo, mhuri wa bluu, na chini yake sahihi yako, ile G yenye mkia niliyokufundisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Tarehe ya kuchukua mzigo ni 4 Machi.

Wewe umeniambia umeipata juzi.

Tarehe 2 Machi uliniandikia kwamba maandishi ni shahidi. Tarehe 4 ulikuwa na mashine chumbani. Capitoline alipanda boti tarehe 11. Hesabu hizo siku saba. Barua moja ya kondakta, simu moja, hata salamu kwa dereva, na yule mama angekuwa kwenye kichanja chake. Ulikaa na sanduku hilo wiki kumi. Uliliwekea nini juu, kikombe cha chai?

Sitamwambia baba yako. Utamwambia wewe, kwa mdomo, Simbo, ukiwa umesimama.

Leonia


Dar es Salaam,
30 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama.

Ndiyo. Nilikuwa nayo tangu tarehe 4. Barua yako ya kwanza ilinikaa, nikaenda kuulizia kwenye lile duka nikiwa na uhakika wataniambia ilishasafiri. Wakaitoa chini ya rafu. Nilirudi nayo begani nikiwaza Baba anavyokaa kwenye baraza yako. Nikasema nitaandika kesho. Kila siku niliyokaa nayo ilizidi kuwa nzito, mpaka nikaanza kuipita chumbani kama mtu aliyelala. Sina la kujitetea na sijitetei.

Lakini na mimi nina maswali, na wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza.

Uliandika kwamba jedwali likasomwa. Likasomwa na nani? Mimi nilikutumia wewe peke yako. Nimeongea na Recho. Ameniambia ulisomwa mstari mmoja tu. Ameniambia Capitoline alisema, "Soma na namba, soma na mistari mingine," na akajibiwa kwamba hapa tunasoma majina.

Jingine. Kwenye jedwali hilo hilo, mbele ya jina lako Leonia, kuna viatu vya mpira vya mvuvi, namba 44. Shangazi, wewe unavaa 38. Umenitajia ndevu za Shadia na taa za Recho, na viatu hivyo hukuvitaja. Uliviona lini?

Nitakuja Julai. Kwenye mstari wa mashine niandike nini sasa?

Gervasi


Ujiji,
25 Juni 2024

Gervasi,

Hujambo. Bibi yako amekula vizuri leo, amekataa tu chumvi. Mihogo ya Simbo imekomaa, baba yako anakungoja na hajui anangoja nini.

Niliviona siku ile ile. Kabla ya mkutano, nikiwa nimeketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nilitafuta jina langu kwanza, kama kila mtu anavyofanya. Nikaona viatu vya mvuvi. Nikacheka. Nikasema, huyu mtoto kakosea mstari wangu. Kisha nikasimama, nikasoma wa Capitoline, na huo sikudhani umekosewa. Kosa moja lile lile, karatasi ile ile: langu nikaliita bahati mbaya, lake nikaliita ushahidi. Hapa tunasoma majina ni maneno yangu. Na mtu nyuma aliposema Mrundi ni Mrundi, mimi ninayewaandikia wahariri, nilikunja karatasi nikaitia kwenye mkoba.

Sasa umeniona. Haikupunguzii wewe hata siku moja katika zile saba.

Juni tarehe 18 nilipanda boti. Kagunga nilimkuta uani kwa binti yake, anamenya mihogo ya kuloweka.

"Mwakeye," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

Aliitikia. Mikono haikupiga makofi kama tunavyoamkiana. Ilibaki na kisu na muhogo.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kusoma?"

"Nimekuja kusomewa."

Akamwita Tuyizere alete daftari. Ni daftari dogo la hesabu, lina jalada la kalenda ya zamani. Kila mzigo aliotuchukulia tangu mwaka juzi umo. Hakuna jina hata moja. Ni namba ya mzigo, siku, na alama aliyoiweka alipolishika sanduku kwa mkono. Januari 14 zimo namba nne, moja kwa kila sanduku.

"Kwa nini huandiki majina?" nikamwuliza.

"Majina ya nani? Recho kwenu ni Recho, kanisani ni Mama Bonfils, ofisi ya basi wamemwandika kwa jina la mumewe. Namba haina mume." Akaendelea kumenya. "Siku ile nilikuwa nalo kiunoni, daftari hili. Nilisema soma namba, nikafungue tulinganishe."

Nikamwambia mashine imepatikana, na ilikokuwa, na aliyekuwa nayo. Sikukuficha. Akaomba namba yake. Akapitisha kidole kwenye kurasa mpaka mwisho.

"Haimo," akasema. "Umeiona wewe?"

"Nimeiona."

"Umeigusa?"

"Nimeigusa. Iko chini ya meza yangu."

"Ilifika lini?"

"Mei 14."

Alifuta mkono kwenye kitenge, akaandika namba, akaandika siku, akaweka alama yake. "Sasa imefika," akasema, akalifunga daftari.

Nilimwomba arudi. Akauliza kichanja chake anacho nani, nikasema Yunisi. "Mwache, ana watoto." Kisha akauliza, bila kunitazama, "Yule aliyesema Mrundi ni Mrundi. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi. Nilikuwa sijui kama ulimsikia."

Alinisindikiza mpaka botini na kunibebea kifurushi cha unga wa muhogo. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

Jumamosi iliyopita niliwaita wote pale pale Kibirizi. Nilisoma jedwali zima, mistari yote, na namba zote, na viatu vyangu vya mvuvi. Hakuna aliyecheka. Nilimtaja aliyesoma mstari mmoja na aliyekaa na sanduku wiki kumi, na nilisema ni shangazi na mwana wa kaka yake, ili wasitafute mfumo. Happiness akatoa kisu akate gundi ya sanduku la mashine, nililokuwa nimelileta. Shadia akamshika mkono.

"Kanuni inasema wote tisa," akasema. "Hapa mimi nahesabu wanane."

Happiness akasema kanuni hiyo ni ya mizigo ya kawaida. Shadia akasema ndiyo, na huu ni mzito zaidi. Kisu kikarudi kwenye kapu. Agosti ziwa litafunguliwa na tutaanza kufunga dagaa kwa mshumaa kama zamani, mashine ikiwa chini ya meza yangu, gundi nzima.

Kwa hiyo ukija Julai usilale kwangu zaidi ya siku moja. Simbo kwanza, kisha boti. Capitoline anakaa nyumba ya tatu kutoka gati, yenye mlango wa bati la bluu. Usiende na simu wala karatasi. Atakuuliza umegusa nini na lini. Mjibu tarehe ya kweli.

Umeuliza uandike nini. Andika namba. Kwenye hali, yeye ameandika imefika na ana haki hiyo, kwa kuwa hajawahi kuliandika neno hilo kabla ya wakati wake. Wewe acha kisanduku hicho kitupu mpaka tuhesabiane tisa.

Leonia